Mbegu

Mwaka jana mtamba wa ushirika
alikwenda kwa shemeji yake mhazini,
na tangu siku hiyo Isongole nzima inajua
kwamba karatasi iliyolala kwenye jokofu
mkono huitambua hata ndani ya kikapu.
Hakuna aliyeliona hilo jokofu.
Hakuna asiyelisimulia.

Kwa hiyo mwaka huu walinijia mimi,
mwalimu wa hesabu mwenye kompyuta ya kioo chenye ufa:
"Mwakalinga, tunataka mchezeshaji
asiye na shemeji."

Usiku ule ukungu ulishuka kutoka Rungwe ukaketi mlangoni.
Niliandika mistari kumi na minne:
tiketi mia tatu, kila moja na jina lake,
kitanzi kinachozunguka mara elfu kumi,
na neno moja la kuita namba bila mpango.
Nikabonyeza.
Chai haijapoa
mtamba alikuwa ameshatolewa mara elfu kumi,
ameswagwa kuvuka kila kijito,
amefungwa kwenye kila zizi,
hata kwa Asumwisye aliyenunua tiketi amelewa
akaichana kuwashia sigara.
Mama, namba mia moja kumi na saba,
alishinda mara thelathini na moja.
Wastani ulikuwa thelathini na tatu na chenji.
Wengine ishirini na sita, wengine arobaini,
kama mashina ya viazi kwenye tuta moja:
hayalingani, na hakuna aliyeyaonea.

Nikarudia, nijiridhishe.
Mama: thelathini na moja.
Nikarudia.
Mama: thelathini na moja. Asumwisye: arobaini na mbili,
kama mwanzo.
Baridi ikanipanda mgongoni,
maana bahati haina kumbukumbu, na hii ilikuwa nayo.
Ndipo nikaiona, mstari wa pili,
niliipachika mwenyewe wakati wa kujaribu, nikaisahau:
mbegu = 5.

Mashine hairushi kete. Inapanda.
Ipe mbegu ileile, utavuna bahati ileile,
masika, kiangazi,
haijui baka wala mnyauko.
Na aijuaye mbegu
ameshayala mavuno.

Sitaficha. Niliitafuta.
Nilizipanda mojamoja, kwa droo moja tu, ile ya siku yenyewe,
moja, mbili, tatu, macho yakiwasha,
hadi mbegu ya mia nne themanini na tisa
ikachipua mia moja kumi na saba.
Nikaitazama kama ufunguo wa jirani
niliouokota njiani.
Chumba cha pili mama alikohoa.
Zizi lake lina mwaka wa sita halina harufu.
Humu ndani hatuna jokofu, niliwaza.
Kisha nikalihisi mapajani mwangu,
lina joto, linavuma taratibu.

Jumamosi, ghalani, niliwaambia:
mbegu mtanipa ninyi.
Wakabishana nusu saa.
Bi Syaipuna akachoka, akasema ipimwe lumbesa
ya kwanza itakayoshuka kwenye pikipiki,
ile ile iliyokatazwa.
Kilo mia moja thelathini na nne.
Nikaiandika mbele ya macho yao,
vidole vikigongana kwa baridi, au si kwa baridi,
na mtamba akaenda kwa Lugano, mtoto wa kinyozi,
ambaye ilibidi aazime kamba.

Jua halijazama nikasikia
kwamba kinyozi ni shemeji yangu.

Mama hakusema kitu mpaka tulipofika darajani.
"Kule ulikojaribia, nilishinda mara ngapi?"
"Thelathini na moja, mama."
Akatembea, akikunja vidole ndani ya kitenge,
akafika mwisho wa mkono mmoja, akaanza mwingine.
"Ng'ombe thelathini na mmoja," akasema.
"Na huko waliko,
nani anawapa chumvi?"